Meli imelipiwa, kushuka hakujalipiwa

 Hapa Iyula mgongo unanilalamikia kwa kuinama kwenye mibuni, lakini huo ugonjwa wa Mbozi nzima, hauna dawa.

Leo nina kisa cha mwezi Julai 2024. Nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu ni cha nyumbani, na mambo ya nyumbani ukiyaandika gazetini unaweza ukanyimwa chai. Juzi wenyewe wameniruhusu, kwa sharti kwamba majina yao yasionekane. Basi humu watakuwa Baba Mkubwa, Mama Mkubwa na Dada, inatosha.

Dada ni binti yao wa kwanza. Ni muuguzi Marekani, pembeni ya mji wa Seattle, mwaka wa kumi na kitu sasa. Amejenga nyumba ya wazazi, ameezeka, ameweka na sofa ambazo Mama Mkubwa hataki mtu azikalie. Mwaka huo akasema wazee waje, wamwone mjukuu wao wa miaka tisa ambaye walikuwa wanamjua kwenye simu tu. Viza zikapatikana, wazee wakapanda ndege, na mimi nikaachiwa kahawa. Unajua Julai kwetu ni nini. Kahawa imeiva, wachumaji wanataka hela yao jioni ileile kwa debe, na mwenye shamba yuko juu ya mawingu anapewa juisi. Haya.

Walipofika ndipo Dada akatoa jambo lake la kuwashtukiza: safari ya meli, siku saba, kutoka Seattle kwenda kaskazini kabisa, Alaska, kwenye milima ya barafu, dubu na nyangumi. Amelipa watu wanne, vyumba viwili, kimoja kina dirisha. Baba Mkubwa alinipigia simu siku hiyo sauti yake imekuwa ya kijana. Usione ajabu. Mzee huyu ana historia na meli.

Miaka ya mwanzo ya themanini alikuwa mwalimu Kigoma, na likizo alikuwa anarudi nyumbani kwa Liemba. Anapanda Kigoma, daraja la tatu, analala juu ya gunia la dagaa, anashuka Kasanga, halafu anatafuta lori la kumpeleka Sumbawanga na hatimaye Tunduma. Hadithi za Liemba amezisimulia Iyula mpaka watoto wanazijua kwa zamu. Kwamba meli ile Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia kwenye masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni mpaka Kigoma. Ikaingia majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, na Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mzee akifika hapo husimama, anakunywa maji, anaendelea.

Sasa kwenye Liemba, ukishalipa nauli, matembezi yalikuwa bure. Vijiji vingi havikuwa na gati. Meli inasimama katikati ya maji, inapiga honi, mitumbwi inakuja mbio, watu wanarushiana mizigo, kuku na watoto, migebuka inauzwa dirishani. Ukitaka kushuka unampa mwenye mtumbwi chochote mlichokubaliana. Ukitaka kutazama tu, unatazama. Meli inapita chini ya milima ya Mahale wanakoishi sokwe, ambako Wajapani wamewachunguza tangu 1965, na juu ya Kigoma kuna Gombe alikoanza Jane Goodall mwaka 1960. Mahale Baba Mkubwa aliipita kwa nauli ya daraja la tatu. Hakushuka hata mara moja, maana mwalimu alikuwa na haraka ya kuona mke.

Kwa hiyo akilini mwake meli ni meli. Nauli ikilipwa, mambo yamekwisha.

Usiku mmoja, nimelala, simu inaita. Saa saba usiku kwetu, kwao saa tisa alasiri. Ni Dada, analia. Si kulia kwa msiba, ni kule kulia kwa hasira. "Kaka, ongea na baba yako mkubwa. Anasema hapandi meli."

Nini tena?

Akanitumia picha za orodha. Ndugu msomaji, nikawasha taa, nikavaa miwani, nikakaa kitandani. Nilichokisoma kilinifukuza usingizi mpaka majogoo.

Kumbe tiketi ya meli ya namna hii inakulipia chumba, chakula cha kawaida na kusukumwa majini. Basi. Soda ya chupa na bia, mbali. Mtandao wa simu, mbali. Bahshishi ya wafanyakazi wanaikata kila siku kwa kila kichwa, dola 16 mpaka 20 siku zile, uwe umekula umeshiba au umelala na kichefuchefu, na mtoto naye anahesabiwa. Na meli ikitia nanga mjini, kushuka ni bure kweli, lakini ukishuka umesimama gatini kwenye mvua unatazama maduka ya vito. Ukitaka kuona kile kilichokutoa nyumbani, yaani barafu, nyangumi na dubu, hayo ni matembezi, na kila tembezi lina bei yake.

Nikakadiria dola kwa Sh. 2,600, bei ya siku zile. Kwenda kutazama nyangumi kwa boti ndogo, saa tatu au nne, kama dola 180, ndiyo Sh. 468,000 kwa mtu mmoja. Treni ya kupanda mlimani kwenye mji wa Skagway, kama dola 150, ndiyo Sh. 390,000. Basi la kukupeleka tu kwenye barafu na kukurudisha, dola 45 hivi. Na kile alichokuwa amekikata Dada kwa watu wote wanne bila kumwambia mtu: helikopta inakupeleka juu ya barafu, mnashuka, mnapanda kigari cha kuteleza kinachovutwa na mbwa. Dola 650 kichwa.

Baba Mkubwa, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameshapiga mahesabu nyuma ya bahasha. Dola 650 mara nne ni dola 2,600. Mara shilingi 2,600 ni Sh. 6,760,000. Mwaka ule gunia la mahindi alikuwa ameuza Sh. 60,000. Ukigawanya unapata gunia 112 na nusu na ushee. Shamba lake zima likijitahidi linatoa gunia 40.

"Shamba langu la karibu miaka mitatu," aliniambia nilipompigia, "ni la kuvutwa na mbwa dakika ishirini? Mwanangu, mbwa?"

Nikajaribu kumtetea Dada. Nikasema yeye anapata dola, halimi mahindi. Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo sikulijua. Kwamba tangu wafike, Mama Mkubwa amekuwa akiamka usiku kumkuta binti yake anaingia na sare ya kazi saa moja asubuhi, analala saa tatu, anatoka tena. Shifti mbili. Wamemwuliza, anasema ndivyo kazi ilivyo. Mjukuu ndiye aliyetoboa siri mezani: "Mama anafanya ovataimu ya meli."

Hapo nikaelewa mzee hana ubahili. Ana aibu. Anaona anapandishwa helikopta kwa usingizi wa mwanawe.

Na Dada naye msimlaumu haraka. Nilipompigia tena, aliniambia: "Nimekaa huku miaka yote hii. Baba amezeeka sipo. Mama amefanyiwa upasuaji sipo. Nataka waone kitu kimoja kikubwa na mimi nikiwa pembeni yao. Nikiwaambia bei watakataa, ndiyo maana sikuwaambia." Mwambie mtu kama huyo nini saa nane usiku?

Hebu niweke pembeni familia kidogo, maana najua kuna wasomaji wanasema hawa Wamarekani wezi. Jamani tuwe wakweli. Mwaka huohuo wa 2024 Mzungu akija kwetu, kaskazini yetu sisi, akitaka kushuka bonde la Ngorongoro alilipa kiingilio dola 70 na senti 80 yeye mwenyewe, na gari lililomshusha likalipiwa dola 295 kwa mara moja. Bado dereva, bado hoteli, bado bahshishi. Mimi na wewe tuliingia kwa Sh. 11,800. Hakuna Mzungu niliyesikia amegawanya hiyo kwa magunia ya ngano. Labda wanagawanya wakiwa chumbani.

Kule bei ina sababu zake. Juneau ndio makao makuu ya Alaska, lakini hakuna barabara ya kwenda huko. Hapana, hukusoma vibaya. Mji mkuu wa jimbo, ufike kwa meli au ndege. Mafuta, helikopta na vipuri, vyote vinaletwa. Msimu wenyewe unaanza Aprili unaisha Oktoba, baada ya hapo theluji, na mwenye boti ya nyangumi lazima ale mwaka mzima kwa hela ya miezi hiyo. Wenyeji wako kama 32,000 tu, lakini mwaka 2023 walipokea abiria wa meli zaidi ya 1,600,000. Tanzania nzima, Serengeti, Kilimanjaro na Zanzibar ndani yake, mwaka huohuo ilipata watalii wa nje 1,800,000 hivi. Mji mdogo kama ule! Mpaka mwaka 2024 ikabidi wapange meli kubwa zisizidi tano kwa siku, watu walikuwa wanashindwa kuvuka barabara.

Halafu kuna mkono wa katikati. Ukinunua tembezi ndani ya meli, mwenye meli naye anaweka chake juu ya bei ya mwenye helikopta. Kinachowafanya watu wakubali ni hofu: ukienda na tembezi la meli, mkichelewa meli inawasubiri. Ukienda kivyako, saa ikifika inang'oa nanga, unabaki gatini unapunga mkono. Pale wanalipia amani ya moyo, na hiyo kokote duniani ina bei.

Kuna na bei nyingine hazimo kwenye orodha. Meli nyingi za njia ile zimesajiliwa nchi za nje, na Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozizuia kuchukua abiria bandari ya kwao na kuwashusha bandari ya kwao bila kugusa nchi ya kigeni. Kwa hiyo zikitoka Seattle zinapita Victoria, Kanada, jioni moja, saa chache, ili sheria itimie. Mwenye pasi ya Marekani anashuka kula aiskrimu. Mwenye pasi yetu anatakiwa awe na viza ya Kanada kabla hata ya kupanda. Dola za Kanada 100 za viza, 85 za alama za vidole. Wazee wawili, karibu Sh. 700,000 kwa ajili ya jioni moja ambayo Mama Mkubwa aliilala. Hiyo nayo ilikuwa ovataimu ya mtu.

Turudi kwenye simu. Nilimwambia Dada hivi: hiyo helikopta wewe ndiye umeitaka. Umewauliza wao wanataka nini? Kimya. Nikamwambia waulize, mmoja mmoja, wakiwa mbalimbali, halafu chagua kimoja kwa kila mtu na zilizobaki futa. Matembezi yakifutwa mapema hela inarudi, nimeisoma hapahapa kwenye picha ulizonitumia. Akasema helikopta hafuti. Kichwa cha yule dada ni cha baba yake, waliokisonga ni hao hao.

Kwa mzee nikatumia njia nyingine. Nikamwambia, Baba Mkubwa, unajua Liemba ilijengwa na kiwanda gani? Akachukia, maana ndilo somo lake. "Meyer, Papenburg." Nikamwambia basi kiwanda hichohicho kiko hai, na mwaka 2018 kimetoa meli inaitwa Norwegian Bliss, mita 333, abiria 4,000, imetengenezwa mahsusi kwa safari za Alaska na kituo chake ni Seattle hapohapo ulipo. Liemba ina mita 71. Huyo ni mdogo wake, tumbo moja. Unakataa kwenda kumsalimu ndugu wa Liemba?

Kimya kirefu. Wakati ule Liemba yetu imesimama Kigoma inasubiri ukarabati, jambo ambalo mzee analizungumza kama mtu anavyomzungumza mgonjwa. Mwisho akasema, "Mita 333?" Nikajua atapanda.

Wakapanda. Yaliyofuata niliyapata kwa vipande, na kila mmoja ana toleo lake.

Siku ya Juneau, asubuhi, wamevaa makoti kama mito ya kulalia, tangazo likatoka: mawingu yameshuka, helikopta haziruki. Hela itarudi yote. Mjukuu akalia, Dada akakaa kwenye benchi, na Baba Mkubwa, kwa ushahidi wa mkewe, akaondoa kofia akashukuru Mungu kwa sauti. Hapo ndipo walipogombana kweli. Dada akamwambia baba yake kwamba hata zawadi hajui kupokea. Mzee akamwambia zawadi haifichwi bei kama bangi. Watu wanapita wanatazama, hawaelewi Kiswahili lakini ugomvi wa baba na binti hauhitaji mkalimani.

Aliyeokoa jahazi ni Mama Mkubwa. Alikuwa amemwona mwanamke mmoja mfanyakazi wa duka anasubiri basi. Akasema, "Yule anakwenda wapi? Hapa hakuna daladala?"

Ipo. Basi la mji, dola mbili mtu mzima, linafika karibu na ile barafu kubwa inayoitwa Mendenhall. Karibu, si kufika. Linakushusha, halafu kuna kilometa mbili na ushee za mguu. Kwa dola mbili badala ya dola 650, mzee alijiona ameshinda bahati nasibu. Akapanda mbele kabisa.

Barafu waliiona. Baba Mkubwa anasema ni kama mto mkubwa uliokatazwa kutembea, una rangi ya bluu ndani yake, na mbele yake ziwa lenye vipande vinaelea. Pembeni maporomoko ya maji yanapiga kelele. Kwenye kijito wakamwona dubu na watoto wake wanavua samaki, na watu wamesimama kimya kwenye daraja la mbao wanatazama, mjukuu akasahau helikopta papo hapo. Askari wa hifadhi akawaonyesha barafu ilikuwa inafika wapi zamani na sasa imerudi nyuma wapi. Mzee akauliza kama wanaijua Kilimanjaro. Wanaijua.

Lakini goti la Mama Mkubwa. Lile lililofanyiwa upasuaji. Kilometa mbili kwenda alikwenda, anasimama, anasema anatazama maua. Kurudi akashindwa. Wakamkalisha kwenye jiwe, Dada akapiga simu ya teksi, na teksi mpaka gatini ikala mara nyingi zaidi ya nauli yao yote ya basi la mji. Naandika hili makusudi, maana Iyula hadithi inayosimuliwa kwenye vijiwe ni ya dola mbili tu. Ya teksi mzee anairuka.

Jioni ile goti limevimba, limewekwa barafu, na barafu ya hapo meli ilitoa bure. Dada alikaa kitandani miguuni kwa mama yake akamkanda kama anavyokanda wagonjwa wake. Sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba alipotoka pale alikwenda kwa baba yake akamwuliza swali nililomwambia aulize: baba, wewe mwenyewe unataka nini?

Mzee akasema, treni.

Hapo lazima nikueleze. Kabla ya ualimu, mwaka 1973, akiwa kijana wa miaka 21, Baba Mkubwa alibeba kokoto na mataruma kwenye TAZARA, reli ilipokuwa inakaribia Tunduma. Kilometa 1,860, Dar mpaka Kapiri Mposhi, na yeye ana mita zake kadhaa humo. Kwa hiyo alipoona kwenye ile orodha treni ya Skagway, iliyojengwa 1898 mpaka 1900 wakati watu wanakimbilia dhahabu ya Klondike, moyo ulimruka. Bei ikaurudisha chini. Akanyamaza.

Hela ya helikopta ilikuwa imerudi. Akapanda yeye na mjukuu, mtoto ni nusu bei. Jumla dola 225 hivi, na kwa mara ya kwanza hakugawanya kwa magunia. Treni inakuja mpaka gatini kwenye meli, inapanda kwenye majabali kama mita 870 ndani ya kilometa 32, ina madaraja ya mbao na mahandaki. Mita 870! Iyula kwetu tunalala juu kuliko kilele chao. Lakini wao wanaanzia baharini, na mzee aliwaheshimu. Kabla ya kupanda aliinama akapima upana wa reli kwa viganja, akasema ni nyembamba kuliko TAZARA. Watu wakamcheka. Kwenye kitabu nikakuta ni kweli: ya kwao futi tatu, ya kwetu futi tatu na nusu. Viganja vya mwaka 1973 havijasahau.

Mjukuu anasema njia nzima babu alimweleza jinsi ya kupasua mlima, na abiria wa viti vya nyuma wakaanza kusogea wasikilize, mtoto akitafsiri. Alishuka pale ameshikana mkono na babu yake. Dada aliwapiga picha, ndiyo iliyotundikwa sebuleni juu ya sofa zisizokaliwa.

Na Mama Mkubwa je? Naye aliulizwa. Akasema, "Mimi chochote tu, mwanangu." Mnawajua mama zetu. Ukimwuliza anataka paja au shingo anasema shingo. Dada alichukua lile jibu kama lilivyo, na hela iliyobaki, zaidi ya dola 2,000, akairudisha kwenye kadi ya mkopo, akaghairi shifti nne za mwezi uliofuata. Wazee waliondoka wakimwacha binti yao analala usiku. Hilo Baba Mkubwa analitaja kuliko hata treni.

Mimi nilifikiri kisa kimeishia hapo. Mwezi uliopita nilikwenda kwao kupeleka debe la maharage, nikamkuta Mama Mkubwa jikoni peke yake anapepeta. Tukaongea hili na lile. Nikamtania, nikasema mama, mzee alipata treni, mjukuu alipata dubu, wewe ulipata goti.

Akacheka. Halafu akaniambia, sauti chini, kwamba yeye alitaka nyangumi. Tangu shule ya Jumapili, kanisa la Moravian, walipofundishwa habari za Yona, alikuwa anajiuliza mnyama gani anaweza kummeza mtu mzima na nguo zake. Kwenye ile orodha alimwona amechorwa. Akamwuliza mjukuu ni bei gani, mtoto akamwambia 180. Akafunga mdomo.

"Sasa mama, si ungesema?"

"Ningesema, angelipa. Angelipa na ya baba yake, na ya mtoto, na yake. Wewe hujui mahesabu?"

Nilikosa la kujibu, nikachukua ungo nikamsaidia. Akaendelea kupepeta, kama aliyemaliza. Kisha akasema:

"Nilimwona lakini."

Kumbe siku ya tano, meli inatembea, yeye kaamka alfajiri kama anavyoamka Iyula kuwasha moto. Kule Julai saa kumi na nusu za usiku kumeshapambazuka. Wenzake wote wanakoroma. Akajifunga khanga juu ya koti, akachechemea mpaka nje kwenye sitaha. Hakuna mtu, isipokuwa kijana mmoja Mfilipino anafuta viti. Maji yametulia kama mafuta. Akasikia mtu anashusha pumzi, kubwa, kama tairi la lori linatolewa upepo. Akageuka. Mbali kidogo mvuke ukapanda juu, halafu mgongo mweusi ukatoka, ukapinda taratibu, ukazama, na mkia ukasimama wote juu ya maji, akauona unavyochuruzika. Mara tatu. Yule kijana akaacha kufuta, wakasimama pamoja wanatazama, hawana lugha ya kuongea, wakashikana mikono.

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani, wamelala."

"Na baadaye?"

"Baadaye baba yako mkubwa alikuwa anasimulia treni."

Nikamwuliza je, yule mnyama anaweza kummeza mtu. Akaweka ungo chini, akafikiri vizuri, akatazama mlango wa jiko kana kwamba anaupima.

"Mtu anapita," akasema. "Ila Yona lazima alikuwa mwembamba."